Hakuumwa Mbele ya Mtani

Jumatano, Ipuli, Tabora. Oktoba, jua la kuchoma, na mawingu yanakuja kutuchungulia kisha yanakwenda zake.

Leo sina raha, na sitajifanya ninayo. Nimerudi kutoka hospitali mchana, nimevua viatu, nimekaa barazani, na mpaka sasa sijapika chochote. Mjukuu wangu aliyenifungulia blogu hii aliniambia niandike lolote linalonijia, eti siku hizi watu wanasoma hata mambo ya vikongwe. Haya, wasome. Linalonijia leo ni baba yangu.

Ila nianze na redio, maana ndiyo iliyonichokoza.

Asubuhi nilipopanda bajaji kwenda hospitali, dereva alikuwa amefungulia kile kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Mada ilikuwa hizi dawa kali za kutuliza maumivu, ambazo serikali inazibana zisiuzwe ovyo madukani. Anayezihitaji aandikiwe na daktari, na daktari naye awe amejiridhisha kwamba huyo mtu anaumwa kweli. Mwanamume mmoja alipiga akasema kubana haitoshi, zipigwe marufuku kabisa, vijana wanaisha. Mwanamke akapiga akasema mama yake ana saratani na amezunguka mji mzima na cheti mkononi, kila duka analoingia wanamwangalia kama mwizi. Sauti ikaanza kumkatika. Mtangazaji akamshukuru, akaweka tangazo la sabuni.

Nilipofungua simu nikakuta na kundi letu la familia limewaka moto. Mdogo wangu Zuhura, anayekaa Chemchem, ameandika kwamba angekuwa yeye waziri angezirundika zote akazichoma. Namwelewa. Mwanawe mkubwa alikuwa dereva wa malori, mwanamume wa kuajiri watu, akaanza kuvimeza hivyo vidonge kwa ajili ya mgongo. Leo hana lori, hana mke, analala mkekani mchana kutwa na mama yake anamlisha. Zuhura anamfulia nguo mtu wa miaka thelathini. Nani atamwambia kwamba anakosea?

Sikuandika kitu kwenye kundi. Siko upande wowote, na nimegundua kwamba kutokuwa na upande kunachosha kuliko kuwa nao.

Baba alipokufa, Zuhura alikuwa mgongoni kwa mama. Haikumbuki kamba ya baba.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nipo nipo tu nyumbani. Tulitolewa kwenye boma letu la zamani ndani ya miombo tukapangwa kando ya barabara ya Nzega, nyumba zimejipanga mstari kama wanafunzi wa gwaride. Baba hakulalamika sana. Kilichomuuma ni mizinga yake, iliyobaki juu ya miti kule tulikotoka. Alikuwa mrina asali. Kila msimu alikwenda kwa miguu kuiangalia, begani amebeba kamba yake ndefu aliyosokota mwenyewe kwa magome ya mti, ile ya kupandishia mizinga.

Kijijini tulikuwa na zahanati, na hapo mwanzo ilikuwa na sindano ya maumivu, ile kali hasa. Mganga wa kwanza aliyeletwa aliigeuza yake. Tulidhani ni mtu mwenye usingizi tu. Kumbe alikuwa akijidunga yeye, na wagonjwa akiwachoma maji. Shangazi yangu alivunjika paja, akachomwa maji kwa muda mrefu huku akiambiwa avumilie itashika. Yule mganga akaondolewa, na baadaye likaja agizo kutoka juu: sindano ile isikae tena kwenye zahanati za vijijini. Itabaki hospitali Tabora mjini tu. Mgonjwa anayeihitaji, mganga wa kijiji amwone kwanza, ajiridhishe, kisha ampandishe kwenye gari la hospitali lililopita kwetu kila wiki.

Agizo lilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Baba alisimama akaliunga mkono. Namwona kabisa, koti lake la kahawia, kofia ameishika mkononi, anasema dawa iliyofanya dada yake achomwe maji bora ikae mbali na sisi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Lilikuwa agizo la maana, na mpaka leo sijaona mahali pa kulilaumu.

Ndipo akaletwa Bwana Pazi.

Bwana Pazi alikuwa Mzaramo kutoka pwani, kijana bado, mrefu, mcheshi, mganga anayejua kazi yake. Siku ya kwanza alipita nyumba kwa nyumba kujitambulisha. Alipofika kwetu akatoa salamu ya Kinyamwezi aliyofundishwa njiani, Mwangaluka, akaivunja vunja. Baba akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akamwuliza ni kabila gani. Alipojibu, baba akapiga makofi kwa furaha.

"Basi hapa umekuja kwa mabwana zako. Kaa chini, lakini si kwenye kiti."

Wasiotoka huku huenda wasijue. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Utani huo ulianza zamani za misafara, wazee wetu walipobeba mizigo kutoka Unyanyembe mpaka pwani na kupita kwenye nchi ya Wazaramo. Mtani unaweza kumtukana, ukamnyang'anya kofia, ukamwambia mke wake ni wako, naye hana ruhusa ya kukasirika. Babu yangu, baba wa baba, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu. Alimfundisha baba jambo moja kuhusu safari zile: ukikaribia pwani, hata kama bega limechubuka na nyayo zimepasuka, nyoosha mgongo na uimbe, maana Wazaramo wametoka nje kuwaangalia na wanatafuta cha kuwachekea mwaka mzima.

Baba na Bwana Pazi wakapendana mno. Nasema kupendana kwa sababu sijui neno lingine. Kila jioni mganga akifunga zahanati alipitia kwetu kutukanwa. Baba alimwuliza kama kwao wameshajifunza kubeba kitu kizito kuliko dafu. Bwana Pazi alimwuliza kama ni kweli Mnyamwezi akikosa mzigo wa kubeba hubeba jiwe ili asisahau. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Nyumba ile mpya ambayo hatukuipenda ikaanza kuwa nyumba.

Kisha baba akaanza kuumwa nyonga.

Ilianza kama mchomo, akasema ameteleza mtini. Baadaye pakavimba. Akaacha kwenda kwenye mizinga. Akaacha kwenda msikitini. Mwishowe akawa anatoka kitandani mara moja tu kwa siku, na hiyo mara moja ilikuwa jioni, kabla Bwana Pazi hajafika. Mama alimwogesha, akamnyoa, akamvisha lile koti la kahawia. Baba alishika ukuta mpaka kwenye kigoda chake, akakaa wima, akaweka mikono magotini, akasubiri. Ukimwona vile ungedhani ni mzee anayepunga upepo.

Bwana Pazi aliuona uvimbe, si kwamba hakuuona. Aliukagua, akabadilika uso, akasema mbele yetu kwamba huu hauna dawa ya kuuondoa, ila kama una maumivu makali atampandisha gari la hospitali, kule wana ile sindano, atapumzika. Akamwuliza vizuri kabisa.

"Mzee Kasele, niambie ukweli. Unaumwa sana?"

Na baba akajibu, "Niumwe mimi, kisha Mzaramo aende akasimulie kwao? Hayo maumivu yenyewe yakisikia umekuja yanakimbia. Yanaogopa harufu ya samaki."

Bwana Pazi akacheka. Hakutaka, lakini alicheka. Akatuachia aspirini.

Ikawa hivyo hivyo kila mara. Gari lilipokaribia siku yake, mganga alikuja akauliza, na baba akamjibu kwa utani mpya. Safari moja mama alijaribu kufungua mdomo kutoka pale mlangoni, na baba akamwahi, akamwambia mgeni kwamba mwanamke huyu ana haraka ya kumpeleka mjini ili abaki na Mzaramo wake. Mama akarudi jikoni. Angesema nini tena? Kumkana mume wake mbele ya mtani wake lilikuwa jambo lisilowezekana, kwa mama yangu na kwa miaka ile.

Mgeni akishatokomea barabarani, baba aliomba apelekwe uani. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Alilala ubavu kwenye mkeka, akachukua ile kamba ya mizinga, akaikunja mara mbili, akaiweka kati ya meno.

Hakutoa sauti. Kamba ndiyo iliyolia, ile mikwaruzo ya magome yanayosagwa.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asimwambie tu. Alikuwa ameshaitema kamba na jasho linamtiririka shingoni. Akaniambia, "Nitamwambia. Ila leo amenishinda, lile neno lake la jiwe sikuwa na jibu lake. Siwezi kushindwa kisha nilie. Ngoja kesho nimshinde kwanza."

Nilicheka, kwa sababu nilidhani ananitania na mimi. Sasa najua alisema kweli tupu. Alikuwa anasubiri kumshinda ndipo aombe. Na kila akimshinda, ile furaha ilimpa nguvu ya jioni ile, akaona aibu kuiharibu.

Gari la hospitali lilipita. Likapita tena. Tulilisikia kutoka mbali linavyobadilisha gia pale mlimani, na sote tuliacha tulichokuwa tukifanya mpaka lilipokwisha.

Alikufa asubuhi, mama akiwa anamchemshia uji. Mdomo wake ulikuwa umefumba kwa nguvu na mama alishindwa kuulegeza.

Sasa niandike lile lililonikalisha barazani tangu mchana.

Kwenye msiba wetu mtani ana kazi yake. Ni yeye anayepewa ruhusa ya kufanya fujo. Anavaa nguo za marehemu, anamwiga alivyotembea na alivyokohoa, anachukua vitu vyake na kuuliza ni vya nani, mpaka waliolia wacheke na waliokataa kula wale. Msiba usio na mtani tunauona mkavu. Kwa hiyo siku ya pili ya matanga Bwana Pazi alipoingia uani, wazee walisogea kumpisha. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuja kufanya kazi, naye aliianza vizuri.

Akaingia ndani akatoka amevaa lile koti la kahawia. Mikono ilimfika viwikoni. Akachukua kigoda, akakaa wima, mikono magotini, akainua kidevu, akasema kwa sauti ya baba kabisa, "Mzaramo, kaa chini, lakini si kwenye kiti." Uwanja mzima ulicheka. Shangazi yangu alicheka huku machozi yakimwingia mdomoni. Nilimpenda sana mtu yule dakika ile.

Akazunguka anatafuta kingine cha kuchezea. Ukutani, juu ya mkeka, ilitundikwa kamba. Akaichukua akajizungusha begani kama baba alivyokuwa akienda kurina. Kisha mkono wake ukapita pale katikati, palipokunjwa. Akasimama. Akaitazama. Akamgeukia mama, bado na ile sauti ya mchezo.

"Mke wangu, mbona mnafuga panya? Kamba ya mume mwenzangu wameimaliza."

Mama alikuwa amejifunika khanga gubigubi. Hakuinua kichwa.

"Si panya. Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Mwenyewe. Kila ulipotoka."

Watu waliokuwa wakicheka nyuma walichelewa kusikia, wakaendelea kucheka kidogo, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Bwana Pazi aliisogeza kamba karibu na macho. Alikuwa mganga, aliyajua meno. Aliyafuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na yalikuwa mengi, na mengine yalipita juu ya mengine. Akakaa chini mavumbini, na koti la baba mwilini.

"Nilimwuliza," alisema. "Shemeji, nilimwuliza kila mara."

Mama akamjibu taratibu, bila hasira hata chembe. "Ulimwuliza mkicheka."

Alijaribu kulivua koti, mkono mmoja ukanasa kwenye kile kiwiko chembamba, na hakuna aliyejua kama amsaidie, maana bado alikuwa mtani na huenda ilikuwa sehemu ya mchezo. Haikuwa. Alilia mle mle ndani ya koti. Mtani haruhusiwi kulia msibani kwetu, na hatukuwa na desturi yoyote ya kumtuliza mtani anayelia. Mwishowe shangazi, yule yule aliyechomwa maji, alijikokota na mguu wake mbovu akaenda kumshikia mkono wa koti ili autoe.

Bwana Pazi alikaa kijijini miaka mingine kadhaa. Aliendelea kutusalimia, aliniombea nafasi ya ualimu, alimtibu Zuhura surua. Lakini hakututania tena. Hata neno moja. Mama alikuwa akimchokoza makusudi akipita, anamwuliza kama ameshajifunza kubeba dafu, naye alitabasamu tu akasema "Hujambo, mama." Hilo lilimuuma mama kuliko alivyoonyesha. Alisema tulifiwa na watu wawili.

Ndiyo maana nikisikia watu wakibishana redioni nakosa upande. Zuhura yuko sawa. Mwanawe aliliwa na vidonge kama yule mganga wa kwanza alivyoliwa na sindano, na agizo la zamani lilikuwa na haki ya kuwepo. Yule mwanamke wa mama mwenye saratani naye yuko sawa. Lakini kuna kitu ambacho hakuna aliyepiga simu kukisema. Agizo halikumnyima baba dawa. Dawa ilikuwepo Tabora na gari lilipita mlangoni. Lilichodai ni neno moja kutoka mdomoni mwake. Kila tunapoweka sharti kwamba apewe anayeumwa kweli, tunadhani anayeumwa kweli atasema. Wapo watakaosema hata wasipoumwa. Na wapo waliofundishwa tangu misafara kwamba ukifika mbele za watu unyooshe mgongo uimbe.

Haya. Sasa ya leo.

Nyonga yangu ni ile ile ya baba, upande ule ule. Majibu niliyapata mwezi uliopita na wanangu wanajua. Leo nilikwenda kwa daktari mpya ili anione na kuamua kama nianze hizo dawa kali zilizobanwa. Ni binti mdogo, mpole, ameniamkia shikamoo huku ameinuka kwenye kiti. Nikamwuliza kwao wapi. Akasema Kisarawe. Mzaramo.

Nilijisikia mdomo ukichangamka wenyewe.

Akaniuliza, "Bibi, ukiyapima maumivu yako kuanzia moja mpaka kumi, ni ngapi?" Nikamwambia, "Kumi ya Kinyamwezi au ya Kizaramo? Maana kwenu mkiumwa na mbu mnasema kumi." Alicheka mpaka akaishika meza. Akanijibu vizuri sana kwamba kwao hata mbu hawabebi mizigo. Nikamrudishia lingine. Tulicheka sote, na muuguzi akachungulia kuona kuna nini. Mwisho akanipigapiga mkono akasema, "Bibi yangu bado mzima huyu. Hizo kali tusizikimbilie." Akaniandikia panado.

Nilitoka pale nimeshinda. Nilitembea wima mpaka getini.

Kwenye bajaji, tulipopita makutano, niliona dereva ananitazama kwenye kioo chake kwa wasiwasi. Akaniuliza, "Bibi, uko salama?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umejaa kitu. Ulikuwa upindo wa khanga yangu. Nilikuwa nimeuuma tangu getini na sikujua.

Iko hapa mapajani ninapoandika. Pamelowa, na pametoboka mahali pawili.

Naogopa, niseme ukweli. Naogopa maumivu, na naogopa hizo dawa pia, na naogopa Zuhura atakavyoniangalia nikizileta kwenye nyumba ambayo mwanawe anaingia na kutoka. Nitazifungia sandukuni, funguo nitavaa shingoni. Atanuna. Nitamweleza habari za kamba, ambazo mama hakuwahi kumweleza, na huenda akaendelea kununa.

Kesho asubuhi narudi kwa yule binti. Najijua. Nikimwona tu nitaanza, na yeye atajibu, maana ana ulimi mzuri, na saa itaisha tukiwa tunacheka. Kwa hiyo khanga hii siifui. Nitaingia, nitaitikia shikamoo yake, na kabla hajaniuliza chochote nitaikunjua mezani pake upande huu uliotoboka, nimshike mkono, nimpitishe kidole mwenyewe kwenye alama za meno.